Habari za Bahari ya Ghorofa ya Tatu

Sogeeni, mlioketi na mnaopita, zimeni redio na acheni simu zenu zilie, kwa maana hili ninalotaka kulihadithia si jambo la kusikilizwa huku mtu akijikuna kisigino. Sitasimulia falme wala majeshi. Nitamsimulia bwana mmoja, mume wa dada yangu, mwalimu mstaafu wa fizikia, shujaa wa chaki, tishio la wanaochelewa kengele, ambaye kwa mkono wake wa kuume na keekee ya kuazima alitoboa tundu moja katika bomba la plastiki, na dunia ikapona. Dunia yenyewe ilikuwa ghorofa ya pili tu, lakini aliyeishi humo hakuiona ndogo. Nawe, kumbukumbu yangu, uliyeshindwa hata leo asubuhi kuniambia miwani iko wapi, nisaidie saa hii moja.

Basi Mwalimu alifundisha miaka thelathini na moja, kisha wakampa saa ya ukutani na mkono wa kwaheri. Akarudi nyumbani, akaketi katika kiti cha sebuleni karibu na dirisha, na hapo akakaa miezi minane, hasomi, hateti, hata chumvi ikizidi kwenye mchuzi halalamiki. Dada yangu, ambaye alikuwa amezoea kubishana naye tangu arusi yao, aliogopa sana. Ndipo asubuhi moja shujaa akasimama, akafunga kifungo cha shati, akatamka: "Mke wangu, nataka bahari."

Na bahari ikaja. Ilikuja kwa lori, tangi la kioo lenye urefu wa kitanda na ujazo wa lita mia sita, likapandishwa ngazi na wanaume sita, mmoja wao mimi, na mgongo wangu ndio ushahidi. Chini yake, ndani ya kabati, likawekwa tangi la pili, dogo, ambalo Mwalimu aliliita figo za bahari. Maji ya juu, akatueleza akiwa amesimama kama yuko mbele ya darasa, yatafurika polepole kwenye ukingo, yatashuka kwa bomba moja hadi tangi la chini, yatapita katika soksi za kuchujia uchafu na katika mnara wa kutoa povu, kisha pampu itayasukuma tena juu kwa bomba la pili, usiku na mchana, bila kuchoka. Dada yangu alipozikuta soksi zile zimeanikwa juu ya taulo zake, alizitupa nje dirishani, na huo ndio ulikuwa mpambano wa kwanza. Shujaa alishuka ngazi akaziokota bila kunung'unika. Siku mbili alikoroga chumvi ndani ya mapipa kwa mpini wa fagio, akipima, akiandika, akipima tena, na jioni ya pili akawasha pampu, bahari ikaanza kuzunguka. Usiku ule dada alinipigia simu kunieleza kwamba Mwalimu amelalamika mchuzi umezidi chumvi. Alikuwa akilia kwa furaha.

Siku ya nne umeme ukakatika.

Sasa mjue kwamba chini ya bahari ile aliishi Hakimu, naye pia mstaafu, mjane, mwenye kipara kilichong'ara kwa miaka mingi ya kufikiri. Mchana ule alikuwa amesinzia kitini mwake. Tone likamwangukia utosini, likateremka hadi mdomoni, akalilamba, akakuta ni chumvi, akadhani analia usingizini, maana tangu afiwe na mkewe hilo lilikuwa limemtokea mara mbili tatu. Akajifuta macho. Lilipomwangukia tone la nane ndipo akatazama dari.

Kumbe pampu ilipozimika, maji ya tangi la juu yalirudi chini kwa bomba lilelile lililoyapandisha, yakalijaza tangi dogo, yakalipita, yakachukua sebule, yakatafuta ufa. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Wahenga hawakuwa na dada yangu. Tuliyazoa kwa matambara, kwa ndoo, kwa pazia la chumba cha wageni, mpaka jua likazama.

Mwalimu akajibu pigo. Akanunua vali, yaani kijilango kinachofunguka upande mmoja tu, akakifunga kwenye bomba, akatangaza kwamba adui hatarudi kwa njia ile. Wiki ya pili umeme ukakatika tena, punje moja ya mchanga ikawa imekaa katika kizingiti cha kijilango, kisifunge, na Hakimu akanyeshewa akiwa mezani, kijiko hewani.

Akapanda ngazi na kitambaa cha kulia bado shingoni, akasimama mlangoni, akatoa hukumu.

"Mwalimu, mimi nimehukumu wezi wa mifugo na walaghai wa kila namna, lakini sijawahi kunyeshewa na jirani. Mara ya kwanza niliiita bahati mbaya. Mara ya pili naiita uzembe. Ya tatu sitaiita jina lolote. Nitapanda hapa na wanaume sita, na hilo tangi litashuka ngazi kama lilivyopanda."

Shujaa akamtazama mkewe apate msaada, na mkewe akasema Mheshimiwa ana haki, naye hawezi kuishi akipishana na mtu kwenye ngazi huku akiangalia viatu. Lakini Hakimu alipoondoka, dada alinivuta jikoni akafunga mlango. "Mdogo wangu, tangi likitoka, mwenzangu atarudi kwenye kile kiti. Nami sitaki kumwona tena kwenye kile kiti," akaniambia, kisha akafungulia bomba la sinki ili nisisikie anavyovuta kamasi. Bomba likagoma kufunga. Tukaita fundi.

Fundi bomba akaja asubuhi iliyofuata, mtu mzima mwenye mvi ndevuni, akampita Mwalimu sebuleni amezingirwa na kurasa kumi na moja za hesabu, maana mganga hajigangi, na mtu aliyefundisha sifoni, yaani jinsi maji yanavyojivuta yenyewe ndani ya bomba, miaka thelathini na moja alikuwa amepigwa na sifoni mara mbili nyumbani kwake. Fundi akatoa shikamoo, akapokea marahaba ya mbali, akatazama tangi la juu, akatazama la chini, akasugua kidevu.

"Mwalimu, mdomo wa bomba la kupandisha umezama mno," akasema. "Umeme ukikatika linanyonya kinyume mpaka mdomo uone hewa, na huko ni mbali. Litoboe pale juu, kidole kimoja chini ya uso wa maji. Tundu la kijiti cha kiberiti tu. Maji yakishuka hapo litavuta hewa, na mchezo umekwisha."

Loo! Mngeona shujaa alivyosimama. Alivuta pumzi ya mikutano ya wazazi, akauliza kama mtu mwenye akili timamu huziba mvujo kwa kutoboa bomba, na kama mgeni wake anajua anazungumza na nani kuhusu sifoni.

"Najua sana," Fundi akajibu kwa upole. "Nilikuwa dawati la nyuma. Swali la sifoni ulinipa sifuri, ukaandika kwa wino mwekundu: hata maji yana akili kuliko jibu hili. Mama yangu aliisoma."

Dada akatoka jikoni na kitambaa mkononi, akabaki mlangoni. Mimi, mwandishi wa habari hizi, nilitamani sana kuwa mahali pengine. Mwalimu akautazama ukurasa mmoja, akaukunja, akaukunja tena, na huyo mtu aliyewaambia watoto wa watu kila Jumatatu kwamba kuuliza si ujinga, yeye mwenyewe akahangaika na maneno mawili kuliko sisi sita tulivyohangaika na kile kioo.

"Nitoboe wapi?" Kisha, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Na ile sentensi, mwanangu, sikuwa na haki ya kuiandika. Nisamehe."

"Ilishapita, Mwalimu. Shika keekee. Mimi nashika bomba."

Wakazima pampu, wakachomoa bomba, wakalilaza juu ya meza ya kulia. Shujaa akavaa miwani juu ya miwani. Keekee ikanguruma, vumbi jeupe la plastiki likapanda, na baada ya sekunde nne tundu likawepo, dogo hata dada alilitafuta kwa kidole. Wakarudisha bomba, wakachota ndoo mbili kutoka tangi la chini ili libaki na nafasi, wakawasha.

Jumamosi ikawa siku ya kupimana nguvu. Nilipewa swichi kuu. Mwalimu akapiga magoti mbele ya kabati, Fundi kando yake. Chini, Hakimu alihamishia kiti chake palepale penye doa la dari, akaketi, akafungua mwavuli, akapiga simu, na dada akaiweka sauti juu. "Mahakama iko tayari," simu ikasema.

Nikazima.

Nyumba ikanyamaza. Maji yakaanza kushuka, kama mara ya kwanza, kama mara ya pili. Tangi la chini likapanda vidole vitano, likapanda sita, na Mwalimu akawa anahesabu kwa midomo bila sauti. Ndipo kutoka juu ikasikika sauti ndefu ya kufyonza, kama ya mtoto anayemaliza juisi kwa mrija. Bomba likameza hewa. Maji yakasimama vidole viwili chini ya ukingo wa tangi dogo, yakatikisika kidogo, yakatulia. Tukangoja dakika moja, tatu, kumi.

"Pakavu," Hakimu akasema.

Dada akakaa sakafuni alipokuwa, akacheka mpaka akashika mbavu, na Mwalimu akamshika Fundi mkono asiuachie. Hakimu akapanda ngazi kuidhinisha hukumu kwa macho yake. Akalizunguka tangi mara moja, mikono nyuma, akainama, akachungulia huku na huku kwenye mawe, akauliza samaki wako wapi.

"Bado, Mheshimiwa," Mwalimu akajibu. "Maji mapya lazima yakomae kwanza. Wiki sita."

Hakimu akayatazama yale maji matupu tuliyoyapigania vile. Nilidhani atakasirika. Akauliza kama kile kiti cha dirishani kina mwenyewe, akaambiwa hakina, akakivuta mbele ya kioo, akaketi kungoja.

Basi iandikwe, na wajukuu wasomewe: Jumamosi ile, saa tano na robo asubuhi, umeme ulizimwa, na hakuna mtu aliyelowa.