Mzigo Haujipokei

Kwa heshima na taadhima, Idara ya Umisheni ilitangaza kwamba Alhamisi, saa mbili kamili asubuhi, Injili itapaa. Itatua kisiwani saa mbili na dakika ishirini, na Mwenyekiti wa Idara atashuka wa kwanza.

Tangazo liliandikwa na Katibu, mtu mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni, aliyeamini kwamba hata Nuhu asingeweza kupakia wale wanyama bila orodha. Ndiye pia aliyeandika Waraka wa Safari, kurasa kumi na tisa. Kifungu cha saba kilisema kila msafiri atapimwa uzito mbele ya wenzake, yeye na mzigo wake, na uzito huo utatangazwa kwa sauti ili kuondoa minong'ono. Kamati ilikipitisha kwa makofi. Siku hiyo hakuna aliyemkumbusha Katibu kwamba nesi wa msafara alikuwa mama mkwe wake.

Alikumbuka mwenyewe, Alhamisi saa moja na robo, ndani ya kibanda cha uwanja wa ndege, mbele ya mizani ya magunia.

"Mama," akasema huku akiangalia paa la bati, "kifungu cha saba kinaweza kuahirishwa kwa sababu za kifamilia."

"Kwani nimeiba?" Mama mkwe alikuwa amestaafu baada ya miaka thelathini na nne ya kupima watoto wa watu kliniki. Akavua viatu, akapanda. "Tangaza, baba."

"Themanini na mbili," Katibu akaliambia paa.

"Na nusu. Usinipunje."

Mama aliposhuka, Katibu alikuwa ametota jasho kana kwamba amembeba mgongoni.

Sanduku la miwani, kilo kumi na mbili. Wazee wengi wa kisiwani macho yalikuwa yamefifia, na miwani hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya safari, pamoja na pampu ya kisima iliyokufa tangu mwaka juzi. Fundi wa pampu, sitini na nne. Zana zake, ishirini na tano. Katibu mwenyewe, hamsini na nane. Majalada yake, kilo sita.

Ndipo akaingia Mwenyekiti ndani ya suti nyeupe, na nyuma yake wapagazi wawili wakihema na jiwe la msingi. Lilikuwa la marumaru, limechongwa jina lake na vyeo vyake vyote kwa herufi za dhahabu. Kisima chenyewe kilichimbwa miaka ishirini iliyopita, lakini Idara iliona kwamba kisima kukaa muda wote huo bila jiwe la msingi ni upungufu wa kiutawala. Jiwe lilikuwa na kilo arobaini na moja.

"Mheshimiwa, tafadhali," Katibu akaonyesha mizani.

"Mimi nilishajaza fomu."

Ni kweli alijaza. Kwenye nafasi ya uzito aliandika: wa wastani.

Rubani, dada wa makamo aliyekuwa akifuta kioo cha ndege yake, akaja akachukua karatasi, akajumlisha kimya kimya. "Tunabeba mia tatu na thelathini, watu na mizigo. Zimebaki arobaini na moja na nusu. Mheshimiwa una kilo arobaini na moja?"

"Nilikuwa nazo," Mwenyekiti akajibu kwa utulivu wa kiongozi. "Darasa la tano."

"Basi toeni jiwe."

Likatolewa. Rubani akamtazama Mwenyekiti toka kola hadi viatu, kama mchuuzi anavyokadiria kiroba. "Bado."

"Acheni miwani," Mwenyekiti akaagiza.

"Hata nikiacha miwani na nywele nikanyoa," mama mkwe akasema, "hutoshi, baba."

Mwenyekiti akaitisha kikao cha dharura hapo hapo, kwa kuwa kiongozi hababaiki. Akaweka kigezo: abaki yule ambaye kazi yake inaweza kufanywa na mwingine. Kisha akamtazama Fundi.

"Sawa," Fundi akasema. "Spana namba kumi na saba hii hapa. Nani ananipokea?"

Hakuna mkono ulionyooshwa. Katibu akaona sasa ni zamu ya utii. "Mheshimiwa, nibaki mimi."

"Na orodha ya wazee na namba za miwani?" mama mkwe akauliza. "Huo mwandiko wako nani anausoma?"

Orodha ikazungushwa. Mwenyekiti akaigeuza juu chini, akairudisha. Mwandiko ule ulikuwa kama kuku kapita juu ya wino.

"Na kazi ya mheshimiwa ni ipi?" Rubani akauliza, bila ubaya wowote.

Katibu akafungua Waraka ukurasa wa pili, akasoma, maana ndivyo ilivyoandikwa: "Kushuka wa kwanza. Kupokewa. Kufungua."

"Kushuka hata mimi najua," Fundi akasema.

Katibu aliandika kwenye muhtasari kwamba Mwenyekiti ameridhia kuchelewa kimkakati. Lakini ndege ilipopaa, alimwona chini, ameketi juu ya jiwe lake kwenye nyasi, mdogo kuliko alivyowahi kumwona, na moyo ukamuuma.

Kisiwani alishuka kwanza mama mkwe, kwa sababu alikuwa karibu na mlango. Hapakutokea madhara. Saa sita mchana pampu ilikohoa mara mbili, ikatoa maji. Katibu aliita majina hadi sauti ikakauka.

Saa kumi na moja jioni meli ya mizigo ilitia nanga. Gati lilijaa watu, na Katibu akafarijika kuona mapokezi yale, mpaka akaelewa kwamba wanangoja vitunguu. Katikati ya magunia aliketi Mwenyekiti, suti si nyeupe tena, na kwenye kifungo chake imefungwa lebo: kilo mia moja na kumi na tatu.

"Meli haina kibali cha abiria," akaeleza karani wa gati, mzee aliyevaa miwani mipya na aliyekuwa akisoma kila kilichopita mbele yake. "Kwa hiyo ameandikwa mzigo. Jiwe moja, mheshimiwa mmoja. Nani anapokea?"

"Natia sahihi mwenyewe," Mwenyekiti akasema kwa sauti ya chini.

"Mzigo haujipokei."

Katibu akachukua fomu. Katika maisha yake hakuwahi kutia sahihi bila kusoma. "Mheshimiwa, wanauliza hali ya mzigo. Ni mzima au umeharibika?"

Mwenyekiti akafikiri. Alikuwa ametapika mara tatu, na kila mara baharia mmoja alimshika paji la uso kama mtoto, bila kumuuliza cheo.

Mama mkwe akampima mapigo, akampa kikombe cha maji ya kisima, akangoja anywe yote. "Andika umelainika kidogo njiani."

Kalamu ikakwama. Fomu ilikuwa na majibu mawili tu, na la tatu lilihitaji idhini ya ngazi ya juu. Katibu akainua macho kwa Mwenyekiti wake, kusubiri maelekezo.

"Andika anavyosema mama," mzigo ukasema, ukaomba kikombe cha pili.