Shingo ya Gitaa Iko Stesheni

Alhamisi, 1 Aprili 1993

Ngeleka ameondoka na shingo ya gitaa. Shingo yetu! Tulikubaliana tangu mwaka jana: yeye atanunua shingo, mimi nitatafuta kiwiliwili na mikro, zile sumaku zilizozungushiwa waya ambazo hunasa sauti ya nyuzi. Gitaa zima la umeme halipatikani kwa watu kama sisi. Bilali, mfanyabiashara anayetoa bidhaa Zambia, alituletea vipande. Shingo ya kiwandani, laini, funguo zake sita zinang'aa. Ngeleka akaichukua, mimi nikachukua mikro. Kiwiliwili nilikichonga kwa mlango wa kabati la mke wangu, Agnès. Mimi ni fundi umeme wa mgodi, mgodi umelala, mshahara umekuwa hadithi. Nafasi ya kuchonga ilikuwepo. Agnès bado analililia kabati.

Sasa wakubwa wa mkoa wetu wametangaza kwamba kila mwenye asili ya mkoa wa Kasai arudi kwao. Ngeleka amezaliwa hapahapa Kapata, mtaa wetu wa Kolwezi, nyumba yake na yangu zimegawana ukuta mmoja. Kwao ni wapi? Jana vijana walikuja na fimbo, wakavunja gitaa lake la zamani, wakamwambia afunge mizigo. Amekwenda stesheni na mkewe Henriette na watoto kungojea treni. Godoro, masufuria, shingo.

Nilisimama mlangoni nikatazama. Sikusema neno. Mimi, ninayesema juu ya kila kitu! Sikulala vizuri.

Azimio: kuipata ile shingo kabla ya treni. Hilo tu. Mengine hayanihusu.

Jumamosi, 3 Aprili

Hila ya kwanza: bukari, ugali wetu. Aliyeshiba hanyimi mtu. Agnès akapika, akaongeza sombe ya majani ya muhogo, nikapeleka kwa baiskeli.

Watu! Sijapata kuona watu wengi hivyo wameketi chini. Kila familia na plastiki yake. Niliwapata nyuma ya ghala. Ngeleka alinipokea kama nimefika harusini. Wakala. Nikakohoa. Nikauliza, kwa ujanja mkubwa, kama shingo haijapata unyevu. Akanionyesha juu kwa kidole.

Shingo ndiyo nguzo! Ameifunga juu ya mpini wa jembe uliovunjika, na pale penye funguo ndipo plastiki imelala. Chini yake wanalala watoto. Nikiing'oa, paa lote linawaangukia. Na mawingu yalikuwa mazito.

Nikarudi na sahani tupu. Kabla ya hapo tuligombana kidogo juu ya jina la gitaa. Mimi: litaitwa Agnès. Yeye: Henriette. Mimi: kiwiliwili ndicho mtu. Yeye: mtu bila shingo ni maiti. Askari wa stesheni akaja kuuliza kuna nini. Njiani nilijikuta napiga mluzi, sijui kwa nini.

Jumapili, 4 Aprili

Jumapili ya Matawi. Wakristo wote walibeba matawi, mimi nilibeba mti mzima. Mkaratusi, umenyooka, nimeukata kwa shemeji. Hesabu ni rahisi: wakipata nguzo mpya, shingo inakuwa huru.

Henriette alimshukuru Mungu, halafu mimi, halafu akausimamisha mti wangu nje na kutandaza juu yake kipande kingine cha plastiki. Sasa wana baraza! Majirani wa stesheni wamekuja kulitazama. Shingo haikusogea hata kidogo. Nimetembea na mti ule tangu Kapata, bega limechubuka, na matokeo yake ni kwamba Ngeleka anakunywa chai kivulini.

Chai yenyewe alinipa. Ilikuwa nzuri.

Jumanne, 6 Aprili

Bilali amepita. Anasema treni inakuja wiki hii. Nikaikagua baiskeli mara mbili. Kwa ajili ya shingo, bila shaka.

Nimemaliza kutengeneza nyuzi. Za dukani hakuna Kolwezi nzima, lakini nani alisema nazihitaji? Nimefungua mota iliyoungua, nikachagua waya, wa kwanza mwembamba, wa sita mnene, nikaunyoosha, nikausugua kwa majivu. Shaba tupu! Sisi tumelelewa na shaba. Tumeichimba, tumeiyeyusha, tumeipakia kwenye mabehewa ikalishe dunia. Umeme wote wa dunia unapita ndani ya shaba. Gitaa la umeme lipate nyuzi gani nyingine? Nashangaa wazungu hawakufikiria.

Agnès alirudi kutoka stesheni na ujumbe. Ngeleka anasema nilete kiwiliwili, tuunganishe, tusikie hata mara moja kabla hajaenda. Aha! Mtego huo. Anataka achukue gitaa zima. Nitakubali. Gitaa likishaungana nitaruka kwenye baiskeli, na anikamate akiweza.

Nilimweleza Agnès mpango huo wote. Akaniita baba wa binti yetu, kama kawaida yake, akasema, "Tata Mignonne, haiko gitaa unatafuta. Iko rafiki." Nikamjibu kwamba mambo ya umeme hayaelewi.

Alhamisi, 8 Aprili

Shida ilikuwa kupita. Tangu jana wale vijana wa fimbo wanakaa njia panda, na mtu anayepeleka vitu kwa Wakasai wanamwuliza maswali. Agnès ndiye aliyepata akili. Alikibeba kiwiliwili mgongoni, akakifunga kwa kitenge, akakivisha kofia ya sufu. Kijana mmoja akasema mtoto huyu ametulia kweli. Agnès akajibu bila kupepesa, "Anafanana na baba yake, akishiba analala." Mimi nilikuwa nyuma na ampli, kikuza sauti nilichokitengeneza kwa redio mbovu. Niliikokota baiskeli kichwa chini. Yeye alipita kichwa juu.

Ngeleka akauhamisha mkaratusi ndani, akaitoa shingo mwenyewe. Kumbe siku zote aliweza! Akasema sikuwahi kumwomba.

Skrubu nne. Shingo ikakaa pale pake. Nikafunga nyuzi zangu za shaba, nyekundu tupu, watu wakasogea kutazama. Bilali, aliyekuja stesheni na lori kuuza bidhaa zake, akatoa betri ya lori hilo. Nikawasha ampli. Nikamwambia Ngeleka apige.

Kimya.

Nikakagua nyaya. Nikakagua risasi yote niliyoyeyusha kuunganishia nyaya. Nikaitukana betri ya Bilali, Bilali akachukia. Ngeleka akainama, akaukwaruza uzi mmoja kwa kucha, kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

"Voisin! Umetia cuivre? Sumaku haisikiake cuivre! Inasikia chuma tu! Na weye mu-électricien!"

Mimi, jirani yake, fundi umeme, nimetia shaba! Alicheka mpaka akakaa chini. Henriette akacheka. Familia ya plastiki ya jirani ikacheka bila kujua sababu. Bilali ndiye aliyecheka kuliko wote, kwa ajili ya betri yake. Henriette alisema hajamwona mumewe akicheka tangu siku ya zile fimbo. Kwa hiyo kosa lilikuwa na faida, na naliandika hapa kana kwamba nililipanga.

Ngeleka akatoa kopo la maziwa. Ndani yake amekunja nyuzi za chuma za gitaa lake lililovunjwa. Tano tu, wa sita ulikatika. Akazifunga. Akapiga.

Sijui niandike nini. Gitaa lile lilisema! Lilisema kwa sauti yake na kwa mlango wa kabati la Agnès. Mimi nilishika sufuria nikapiga mwendo. Mama mmoja akaanza kucheza rumba na mtoto mgongoni, mtoto wa kweli. Wengine wakamfuata. Hata yule askari alikuwa anatikisa mguu.

Nilipaswa kutoroka nalo. Baiskeli ilikuwa tayari, nimeielekeza barabarani kabisa. Nilisahau.

Jumamosi, 10 Aprili

Treni imekuja.

Watu walikimbia kama moto umewaka nyuma yao. Niliwasaidia na godoro. Nilimpandisha mtoto mmoja, nikampandisha wa pili. Henriette alimkumbatia Agnès na hawakuachana mpaka watu wakawasukuma. Ndipo Ngeleka akanipa gitaa. Zima! Shingo, nyuzi, kila kitu. Akasema behewa limejaa, litavunjika, lichukue voisin, lako hilo.

Nilikuwa nalo mkononi. Yale yote niliyoyahangaikia, bukari, mti, mtoto wa bandia, yalikuwa mkononi mwangu. Na sikulitaka. Gitaa bila jirani yangu wa kulipiga ni kipande cha kabati.

Hapo ndipo nilipopata hila kubwa kuliko zote za maisha yangu. Nikamsukumia gitaa dirishani. Akakataa, nikasukuma tena. Nikamwambia simpi, namwazima tu! Kiwiliwili ni changu, mikro ni zangu, na kitu cha kuazima lazima kirudishwe kwa mwenyewe, kwa mkono, Kapata, mlangoni. Nikamwambia asiporudisha nitamwita mwizi mbele ya watu wote. Akanitazama. Akalivuta gitaa ndani. Mwishowe akasema, "Ntarudisha, ndugu yangu. Ntarudisha."

Treni ikaondoka. Nikalia. Nimelia stesheni mbele ya watu, na naandika bila aibu kwa sababu daftari hili halisomi mtu isipokuwa Agnès, na Agnès alikuwa analia pia.

Jumatano, 14 Aprili

Mambo yanakwenda vizuri! Ngeleka ameshikwa na hila yangu, hana njia ya kukwepa. Wakati huohuo mimi sikai bure. Bilali amepata shingo ya gitaa la besi. Kiwiliwili nitakipata humu nyumbani. Agnès ameanza kulala karibu na meza.

Leo alikuja mtu na familia yake kutazama nyumba ya Ngeleka, upande wa pili wa ukuta wetu, ati iko tupu. Nikamwambia ina mwenyewe, amesafiri kidogo. Nikaongeza habari ya nyoka anayeishi ndani. Wameondoka, lakini watarudi, kwa hiyo nimetundika mashati yangu kwenye kamba ya Ngeleka na kufagia uwanja wake. Agnès anasema nafagia nyumba ya watu wakati yetu inavuja.

Nimeandika kwa chaki mlangoni kwangu: mazoezi Jumamosi, alasiri. Agnès akaniuliza nani atapiga solo. Nikamwambia Ngeleka, nani mwingine? Akasema kwa upole kwamba treni ile ilikwenda mbali, Tata Mignonne, mbali sana.

Nikamweleza kwamba hamjui Ngeleka. Hajawahi kufika mazoezini kwa wakati hata mara moja. Kila mara mimi hukasirika nikaanza bila yeye, na kila mara muziki unaharibika. Safari hii nitakuwa mwerevu. Nitatoa viti viwili nje, nitakaa, na sitaanza mpaka afike.