Kabila la Dani Hutembea Nyuma

Jumapili, 2 Novemba

Nimekasirika. Naandika hata viatu sijavua.

Askofu mgeni anakuja Jumapili ijayo kutoka Kampala. Pasta Harriet, kiongozi wa ushirika wetu wa Waganda hapa Al Twar, ugenini kwa Waarabu, ametangaza tutampokea kwa maandamano ya makabila kumi na mawili ya Israeli. Kila kabila na bendera yake na kazi yake, kama zamani. Isakari walijua majira, basi watashika saa. Asheri walisifiwa kwa chakula, basi jikoni. Zabuloni, watu wa merikebu, watashughulikia usafiri. Yuda hutangulia wote. Mbele kabisa! Bendera ya simba! Hilo kabila langu, sina shaka.

Viongozi wa makabila wamepatikana kwa kura. Karatasi nilizikata mimi, kwa kujitolea. Ya Yuda niliikunja pembe kidogo. Pasta akasema wanawake waanze. Fortunate, yaya kwenye nyumba moja ya Mirdif, akachomoa ile iliyochomoza pembe. Akapiga vigelegele. Mwizi!

Mimi nikapata Dani. Nikauliza Dani hufanya nini. Pasta akasema hutembea mwisho na kulinda nyuma. Ukumbi mzima ukacheka. Miaka saba nalinda geti la ghala Al Qusais, na hata mbele za Mungu nimepewa geti!

Jumatatu, 3 Novemba

Nimesoma habari za Dani zamu nzima. Yakobo alimfananisha na nyoka wa njiani, anayeuma farasi kisigino. Wenzangu simba, mimi nyoka! Na kwenye ile orodha ya mwisho wa Biblia, ya waliotiwa muhuri, Dani hayumo. Nimehesabu mara tatu. Supavaiza amenikuta nahesabu kwa vidole huku lori linapiga honi getini. Nimepewa onyo la maandishi. Hilo nalo ni kosa la Fortunate.

Jumatano, 5 Novemba

Nimempigia Pasta kumweleza kwamba kabila langu limefutwa. Akacheka. Akasema Yakobo alisema pia kuwa Dani ataamua watu wake.

Mwamuzi! Kwa nini hakusema mapema?

Baada ya mazoezi ya maandamano jioni nikatuma hukumu kwenye kundi la WhatsApp. Isakari, washika saa, walichelewa dakika ishirini: hatia. Asheri walituletea wali mbichi: hatia. Fortunate hakuja kabisa: hatia kubwa, anyang'anywe bendera. Fortunate akajibu kwamba madam wake alimzuia, mtoto ana homa. Watu wakamwonea huruma yeye! Mimi nikatolewa kwenye kundi. Mwamuzi anafukuzwa na aliowahukumu. Khalas, basi tena, haki haipo.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimepata!

Pasta amenikabidhi ufunguo wa mlango wa mbele wa ukumbi, maana anayelinda nyuma ndiye anayefunga. Kesho tutapanga mstari nje, Yuda akiutazama mlango huo. Mlango usipofunguka, itabidi wote wageuke waingie kwa mlango wa jikoni. Na mstari ukigeuka, wa mwisho anakuwa nani? Nimepiga shati pasi mara mbili.

Jumapili, 9 Novemba

Nawachukia wote.

Askofu alikuwa ndani, ameketi akiutazama mlango wa mbele, ambao niliufunga mara tu alipoingia. Sisi nje, bendera juu. Mlango ukagoma. Pasta akaniuliza ufunguo uko wapi. Nikasema umepotea, Mungu anisamehe. Nikageuka, nikainua bendera yangu ya nyoka, nikapaza sauti, "Yalla, ndugu zangu, nifuateni!"

Hatua tatu tu. Pasta akaita, "Kaka Zedekiya, subiri! Yuda hutangulia, njia iwe ya mbele au ya jikoni."

Fortunate akaupita mstari mzima na simba wake. Wengine wakamfuata, kabila baada ya kabila, wakinipita. Makabila kumi na moja! Nilipofika jikoni, mlango ulikuwa umejifunga. Nikagonga. Ngoma za ndani zikameza sauti yangu. Nikasimama juani na nyoka wangu mpaka hasira ikanipanda kichwani. Nikazunguka mbele, nikatoa ufunguo mfukoni, nikafungua.

Ngoma zikanyamaza. Ushirika wote ukanitazama, kisha ukautazama ufunguo. Askofu akamwinamia Pasta, akamuuliza huyu ni wa kabila gani.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimevuliwa Dani. Pasta amesema kwa sasa nitakuwa Mgibeoni, yaani si kabila lolote. Wale walikuwa wachota maji tu. Nitagawa maji.

Fortunate amenipigia simu. Amesema ameniombea msamaha kwa Pasta. Amesema ningemwomba tu ile bendera angenipa, maana bega linamuuma kwa kumbeba mtoto mgonjwa wiki nzima. Nikakata simu.

Baadaye nikaelewa: ananiogopa!

Krismasi kuna maandamano mengine. Nimesoma kuhusu Benyamini. Walikuwa na mashujaa mia saba wa mkono wa kushoto, wakirusha jiwe hawakosi hata unywele. Ushirika wetu hauna hata mtu mmoja wa shoto. Kabila hilo halitahitaji kura! Kweli mimi si wa shoto, lakini shoto hujifunza. Leo nimekula kwa mkono wa kushoto. Lukman, Mwislamu ninayeishi naye chumba kimoja, amehamisha sahani yake akaniuliza kama nimeingiwa na wazimu. Nikakimbilia bomba. Mchuzi ulikuwa umeniingia jichoni.