Ukurasa wa Bomba

Jumatatu, 4 Machi

Klabu ya wasomaji nusura itwangane. Chanzo: hadithi mpya ya Bibi, mwandishi wetu kipenzi, ya kwanza baada ya miaka tisa ya kimya. Mimi, katibu, ndiye niliyeitoa kopi kwenye jarida na kuigawa. Mjane anaomboleza kurasa sita, machozi yanakulenga, halafu ukurasa wa saba: funga koki kuu, fungua bomba kwa spana, toa washa iliyochakaa, kile kipira cha ndani kinachozuia maji, weka mpya. Mwisho!

Kinyozi, tunayemwita Profesa kwa sababu hajawahi kukubali kushindwa, akasema huo ni ukomavu wa hali ya juu. Muuguzi mstaafu akasema Bibi wa watu kazeeka, aachwe apumzike. Watu wakahamisha viti, hawa huku, wale kule. Mimi nikawaitikia wote. Jumamosi tunachagua mwenyekiti, mimi au Profesa, na kura ni kura.

Jumanne, 5 Machi

Bibi amekubali mwaliko wangu! Anakuja Jumamosi hiyo hiyo. Nimemsoma tangu nina miaka kumi na minne, nikijificha na kitabu chooni hadi mama anagonga mlango. Nitaketi karibu naye, nikiwa mwenyekiti. Nikakimbilia jarida nijiandae.

Balaa! Mke wangu ameshatandika kurasa zake kwenye makabati ya jikoni, vyombo vyote juu. Limebaki jalada na orodha ya yaliyomo. Nikaisoma. Baada ya hadithi ya Bibi inafuata Kona ya Fundi. Kumbe nilitoa kopi ukurasa usio wake! Watu wazima wametoleana macho kwa ajili ya fundi bomba!

Mke wangu akashauri niinue sahani nihakikishe. Nikamwambia mambo ya fasihi hayatafutwi chini ya sahani.

Jumatano, 6 Machi

Bomba letu la jikoni linavuja tangu mwaka jana. Leo mke wangu kachukua ule ukurasa, kaufuata neno kwa neno, bomba limenyamaza. Ushahidi gani tena? Hadithi haitengenezi bomba.

Bibi akiuona nimekwisha. Kwa hiyo nimeandika mwisho wa kweli mwenyewe. Namjua Bibi nje ndani. Mume hakufa, alipotea tu. Anabisha hodi. Mvua inanyesha. Wanakumbatiana. Nililia kwa sauti nikiandika, mpaka mke wangu akaja kuuliza kama nimeungua.

Ijumaa, 8 Machi

Nimegawa "ukurasa uliokosekana". Lawama nimeitupia mashine ya kopi, haina mdomo. Muuguzi mstaafu kalia, kanibariki, kasema kura yake na za wenzake wote ni zangu. Profesa kausoma akiwa kazini, mteja kanyolewa nusu kichwa anasubiri. Akasema upuuzi huu hata mwanawe wa darasa la tatu angeona haya kuuandika. Wivu! Ukurasa wa bomba kakataa kuurudisha, kaubandika kwenye kioo cha kinyozini kwake.

Nimepiga hesabu ya wanachama. Mimi kumi, yeye wanane. Nimenyoosha shati.

Jumamosi, 9 Machi

Bibi kaja, mdogo kuliko nilivyodhani, na mkoba mkubwa kuliko yeye. Akasema atasoma mwenyewe, kutoka kwenye mswada wake wa mkono. Kurasa sita za kilio. Kisha akavuta pumzi, akasoma: funga koki kuu.

Nilitamani ardhi inimeze.

Alisoma hadi washa mpya. Akatuambia kwamba wiki aliyofariki mumewe, watu walimletea kila neno la faraja, na hakuna lililomwingia. Bomba lilikuwa linavuja. Kazi hiyo ilikuwa ya marehemu. Akajifunza, akalitengeneza, na siku hiyo ndipo alipolala. Profesa alikuwa akilia waziwazi. Muuguzi mstaafu naye, akaomba radhi, kisha kwa nia njema kabisa akatoa ukurasa wangu na kuuliza, je, huyu mume anayerudi?

Bibi akavaa miwani. Akausoma wote. Akauliza nani kaandika. Vichwa vyote vikanigeukia. Nikasema labda mashine. Bibi akanitazama bila hasira, akasema aliyeandika haya amemsoma sana, ila hakumsikiliza.

Uchaguzi ukafuata. Profesa kanyooshewa mikono kumi na minane. Na wangu umo. Nilimnyooshea kwa hisani, nikitegemea naye atanirudishia. Nikarudi nyumbani. Nilisikia aibu hadi masikioni.

Jumapili, 10 Machi

Nimelala, nimeamka, nimefikiri. Kumbe jana sikuelewa! Bibi alisema nimemsoma SANA. Mbele ya watu wote! Profesa kaambiwa hivyo? Na kama sikumsikiliza, basi ana jambo anataka lisikilizwe, na hilo haliwezi kuwa lingine ila sehemu ya pili.

Nimeshaanza. Mume anarudi, safari hii akiwa fundi bomba. Nimefika ukurasa wa kumi na moja na mvua haijakatika. Kesho naipeleka kwa mhariri wa jarida. Jina nitaweka la Bibi, ili wasiicheleweshe.