Gari la Bibi Harusi Litakuwa Langu

Jumanne, 12 Tir

Taa ya njano mbele ya usukani wa gari langu bado inawaka. Jana, sikukuu ya Timkat, ubatizo wa Bwana, wakati watu wakirushiwa maji ya baraka kwa mpira wa bomba, nilisogeza gari hadi mbele kabisa na kufungua boneti. Maji yaliingia vizuri. Mwanamke mmoja akaniomba nimpishe, ana mtoto mgonjwa. Nikamwambia kila mtu na mgonjwa wake. Leo asubuhi: njano ileile. Imezidi kung'aa.

Maandishi chini ya taa ni ya Kichina. Skrini nzima ni ya Kichina. Gari hili la umeme ninalo tangu mwezi wa Meskerem, miezi minne, na mpaka sasa najua kufungua redio na kuongeza joto. Kupunguza sijui.

Sasa jambo lenyewe. Jumapili hii Mahlet, binti wa dada mkubwa wa mke wangu, anaolewa. Gari la kumbeba limeshachaguliwa bila kikao: kigari cheupe cha petroli cha shemeji yangu Shimelis, ambacho kimebeba kila bibi harusi wa ukoo huu, mke wangu Abonesh akiwemo. Hata mimi nilibebwa humo! Springi ya kiti ilinichoma mpaka kanisani. Miaka yote hiyo Shimelis anakaa kwenye usukani akipungia watu mkono kama ndiye aliyeoa. Basi. Mara hii atapunga mkono akiwa kando ya barabara.

Jumatano, 13 Tir

Kikao kwa dada Yeshi, mama wa bibi harusi. Kahawa ya kwanza nikaisifu. Ya pili nikataja, kama kwa bahati tu, jinsi foleni ya petroli inavyozunguka mtaa. Ya tatu nikauliza: Shimelis akikosa petroli Jumapili, mtoto wetu atapanda punda? Shimelis akajibu heri punda, shemeji, angalau unajua anakula nini. Wazee wakacheka sana. Wazee hucheka chochote.

Lakini sumu iliingia. Dada Yeshi akasema ataamua Ijumaa, akishaliona gari langu kwa macho yake.

Tukitoka, Shimelis alilizunguka gari langu, mikono mgongoni, kama daktari wa ng'ombe. Akaiona taa. Akasema betri ndogo imechoka, nibadilishe kabla ya Jumapili. Nikamwambia gari hili lina betri kubwa kama godoro la watu wawili, limelala chini lote. Ndogo ya nini, ya kuchezea? Akasema kubwa ndiyo inayolikimbiza gari, ndogo ndiyo inayoliamsha na kufungua milango. Mtu wa petroli ananifundisha umeme! Wivu mtupu. Nimebandika plasta nyeusi juu ya ile taa. Tatizo limekwisha.

Alhamisi, 14 Tir

Siku ya kazi. Gari limefungwa taa za rangi mbele, nyuma na tumboni. Limefungwa pia honi inayopiga wimbo wa harusi mwanzo hadi mwisho. Fundi aliuliza umeme autoe wapi. Nikamwambia popote atakapoukuta. Akafungua boneti, akakuta betri ndogo. Kumbe ipo kweli! Na haina kazi yoyote, imekaa tu. Akaunganisha kila kitu hapo. Nimeipatia ajira.

Abonesh anataka nibandue zile nailoni za kiwandani kwenye viti na milango. Anasema Mahlet atatoa sauti kama andazi kwenye mfuko. Nimekataa. Kitu kipya hukaa kipya kwa kufunikwa.

Ijumaa, 15 Tir

Ushindi! Dada Yeshi amekuja. Nilibonyeza funguo, na vishikio vya milango, vilivyojificha ndani ya bodi kama kichwa cha kobe, vikachomoza vyenyewe. Dada Yeshi akapiga kelele kama ameona panya. Kisha akaomba virudi ndani vitoke tena. Alirudia mpaka kahawa ikapoa.

Uamuzi: Mahlet atapanda gari langu. Shimelis atabeba vyungu vya mchuzi wa kuku. Nilitaka kumpa pole lakini kicheko kilinizidi. Yeye akauliza tu: betri umebadilisha, ndugu yangu? Nikamshauri afunge vyungu vizuri.

Jioni gari lilikataa kuwaka mara ya kwanza. Mara ya pili likakubali. Furaha humchosha kila mtu.

Jumapili, 17 Tir

Naandika nikiwa nimelala chali. Kukaa siwezi.

Desturi inajulikana: bwana harusi akija, wasichana wa upande wetu huziba mlango na kuimba kwamba hapiti mtu, na wapambe wake husukuma, hunyunyiza manukato na kubembeleza mpaka waachiwe. Mimi nikawaza: mlango wa nyumba una nini cha kuonyesha kwenye video? Nikamshawishi Mahlet amsubiri Natnael garini, uwanjani. Nikafunga milango. Nikawasha taa zote. Nikawasha honi.

Natnael akachelewa. Wimbo ukaanza kuburuta maneno kama mlevi, kisha ukanyamaza. Taa nazo. Vishikio vilikuwa ndani. Nikabonyeza funguo. Nikabonyeza tena. Nikaibusu.

Hapo ndipo Natnael alipoingia na wapambe wake.

Wasichana wakaliziba gari, wakaimba. Wapambe wakasukuma, wakanyunyiza manukato mpaka kioo kikawa cheupe. Desturi ikatimia, wasichana wakaachia njia, Natnael akanyoosha mkono kwenye mlango. Bati tupu, laini kama yai. Umati ukalipuka: bado anakataa! Wasichana wakarudi mbio kuziba. Mahlet akagonga kioo kwa ngumi zote mbili. Vigelegele! Bibi yake akalia machozi, akasema zamani ndivyo walivyokataa, siku hizi mabinti hutoka kabla hawajaitwa.

Ningeweza kusema ukweli. Niliimba.

Natnael akapiga magoti. Akabembeleza. Jasho likamtoka, halafu rangi. Nilimsikia akimuuliza mpambe wake kwa sauti ndogo kama kweli Mahlet hamtaki. Mama yake akauliza kwa sauti kubwa mwanawe ana kasoro gani. Mtu akaja mbio kusema padri anauliza kama leo kuna ndoa au hakuna. Wimbo ukafa. Watu wote wakamtazama bwana harusi, naye akasimama, akakung'uta magoti, akageuka kuondoka.

Shimelis akatua chungu chini. Akaja, akaweka mdomo kwenye kioo, akamwambia Mahlet achane nailoni chini ya mlango, kuna mkono wa dharura hapo, auvute. Mahlet akachana kwa kucha na meno. Mlango ukafunguka. Akatoka amelowa jasho, shela shingoni, akamkimbilia Natnael na kumkumbatia mbele ya wazee wote. Kisha akanigeukia. Akasema: baba mdogo, nyamaza. Sikuwa nimesema kitu.

Akaenda kanisani kwa kigari cheupe. Shimelis alipunga mkono njia nzima. Kabla ya hapo aliliamsha langu kwa nyaya kutoka kwenye betri yake, gari la petroli likilinyonyesha la umeme, na video ikichukua. Mimi nikabeba vyungu. Kimoja kilimwagika chote. Nailoni ziliokoa viti, si makalio yangu; mchuzi ulikuwa bado wa moto. Nani anacheka sasa?

Jumatatu, 18 Tir

Karamu ya siku ya pili, kwa kina Natnael. Niliingia na uso wa mfiwa. Mama Natnael akanikumbatia! Akasema roho ilimruka, lakini maisha yake yote hajaona bibi harusi aliyezuiliwa namna ile, na mtaa mzima unauliza nani alipanga. Nikainamisha kichwa, nikasema ni mimi. Abonesh akanikanyaga. Shimelis akapaliwa na tonge la injera. Familia mbili zinalitaka gari langu kwa harusi zao kabla ya mfungo.

Abonesh ametoa amri: niende dukani moja kwa moja, ninunue betri ndogo, nirudi moja kwa moja. Nimekwenda. Betri zilikuwepo. Pembeni yake, friji ndogo ya gari, nyekundu, ya kuunganishwa kwenye betri. Nilisimama nikafikiri kwa makini. Bibi harusi akifungiwa ndani, cha kwanza atakachohitaji ni nini? Soda baridi.

Nimenunua friji.