Stika ya Bluu Kifuani mwa Mjomba

Jumatatu, 4 Mei

Nimekuwa mjomba. Kwa kweli tangu Jumamosi, ila mjomba ana shughuli nyingi, leo ndiyo nimepata nafasi ya kuandika.

Dada yangu kajifungua mtoto wa kiume kabla ya siku zake kutimia. Ana haraka kama mjomba wake. Wamemlaza chumba cha joto, mwisho wa korido, pamoja na wenzake waliowahi duniani, kila mmoja ndani ya kisanduku cha kioo. Baba yake yuko safarini. Mama yangu, yaani bibi yake, kakatazwa kuingia. Sasa ona bahati: mimi ni mhudumu wa hospitali hiyohiyo. Nasukuma machela, nasukuma mitungi ya oksijeni, nasukuma kila chenye magurudumu na vingine visivyo nayo. Nani basi atamwona mtoto kabla ya ukoo mzima? Nilioga mara mbili.

Nikafika mlangoni na mtungi wangu. Matroni kasimama pale. Huyu ndiye mkuu wa wauguzi. Viatu vyake havina sauti. Unajua kafika ukiona watu wamenyamaza. Akauliza stika yangu iko wapi. Stika gani tena? Akagusa ya kwake, duara la bluu kwenye kitambulisho. Akasema mwaka huu asiyechanjwa chanjo ya mafua hapiti mlango huu, awe daktari, awe mfagiaji, awe mjomba. Nikamwambia mimi mzima, hata kukohoa sijakohoa. Akasema ndivyo wanavyosema wote, halafu wanampelekea mafua mtoto mwenye uzito wa mfuko wa sukari. Nenda chumba namba tatu, sindano moja tu begani, urudi.

Sindano.

Naomba ieleweke kwamba siogopi sindano. Mimi na sindano hatuelewani tu, na watu wasioelewana hawalazimishwi kukutana.

Mtungi ukaingizwa na Mstari. Huyu ni mhudumu mwenzangu, tunamwita hivyo kwa sababu suruali yake imepigwa pasi mpaka mstari wake unaweza kukata kitunguu. Alichanjwa siku ya kwanza, tena alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Alipotoka akanipiga bega, akaniambia, ndugu yangu, mpwa wako mzuri sana. Mpwa wangu. Naelezwa na yeye.

Jioni nyumbani Mama akauliza mjukuu wake anafananaje. Ningemjibuje mama wa watu? Nikasema ana pua yangu na nywele tele. Mama akafuta machozi kwa furaha. Sasa nimejifunga. Lazima niingie chumba kile.

Jumanne, 5 Mei

Utafiti wa kisayansi, jikoni mwa hospitali. Nimewauliza watu nani kachanjwa. Nimegundua tuko wengi.

Mpishi hakuchanjwa. Anasema chanjo yenyewe ndiyo inaleta mafua, rafiki yake alidungwa asubuhi, jioni akapiga chafya. Dobi hakuchanjwa. Anasema anashinda kwenye maji ya moto na sabuni kali, hakuna mdudu wa kumkaribia. Daktari kijana, yule bado yuko mafunzoni, hakuchanjwa. Anasema ataenda akipata muda. Alisema hivyo huku akinywa chai yake kikombe cha pili, miguu juu ya gunia la viazi.

Nikampelekea Matroni hoja hizo nikiwa na kifua mbele. Mimi shule niliiachia njiani, lakini kwa hoja siguswi. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema ndani ya chanjo hii hakuna mdudu aliye hai wa kukupa mafua, mkono utauma kidogo, pengine na joto la siku moja, basi. Rafiki wa mpishi alikwenda kudungwa akiwa nayo tayari. Na kuhusu hao wengine, zamu yao inakuja, wala hakuna kati yao anayenisumbua apite mlango wangu. Wewe ndiye unataka kuingia, mwanangu. Ingia chumba namba tatu kwanza.

Nikaingia. Muuguzi wa chanjo ni mwanamke mdogo wa umbo, mwenye uso wa upole, ndiyo hao wabaya. Nikamwambia mimi nilishachanjwa kwingine, anipe stika tu. Akauliza ulidungwa mkono upi. Nikasema yote miwili.

Nimetolewa nje.

Mama leo kauliza macho ya mtoto. Nimesema makubwa.

Jumatano, 6 Mei

Akili yangu ikipelekwa shule yote, nchi haitanitosha.

Nilikuwa stoo ya oksijeni. Mitungi pale hupangwa na fundi: akishaupima mtungi kwa geji na kuona umejaa, anaubandika stika shingoni na kuandika namba ya mtungi kwa kalamu. Usio na stika hesabu ni mtupu, unatolewa nje ukachukuliwe na gari. Hilo kila mhudumu analijua akiwa usingizini. Lakini ni mhudumu gani aliyeitazama stika yenyewe? Ya bluu. Ya duara. Kubwa kidogo tu kuliko ile ya Matroni.

Mkasi niliuazima kwa dobi, nikamwambia nakata kucha.

Nikauchagua mtungi wa pembeni kabisa, namba 17, ulioonekana hauna makuu. Nikabandua taratibu, nikapunguza kingo, nikabandika kwenye kitambulisho changu. Mtungi haukulalamika. Namba ilibaki katikati, haifutiki, lakini hilo nilikuwa na jibu lake. Dobi alipouliza 17 ya nini, nikamwambia ni namba yangu ya kuchanjwa, wengine hawapewi. Akaniangalia kwa heshima, kisha akadai mkasi wake.

Nimetembea korido nzima kifua mbele. Mstari akaitazama stika, akaitazama tena, akasema hongera, nilijua utajikaza tu. Maneno yale yalinichoma kidogo, sijui kwa nini. Pengine ni wivu wake ulioniingia.

Mlangoni nilimkuta muuguzi wa zamu, Matroni hayupo. Akasema watoto wananyonyeshwa, nije kesho na mtungi wa asubuhi. Kesho. Mimi na mpwa wangu, ana kwa ana.

Nyumbani tatizo dogo. Mama kaongea na Dada kwa simu, Dada kasema mtoto hana hata unywele mmoja. Mama kaniuliza zimekwenda wapi nywele tele. Nikasema zimelala. Mama anamenya viazi kwa nguvu kuliko viazi vinavyostahili.

Alhamisi, 7 Mei

Umeme ulikatika alfajiri. Zile mashine zinazotengeneza hewa ya oksijeni zikazima, mitungi ikabeba kazi peke yake. Gari la mitungi mipya limeharibika njiani, na fundi yumo ndani, na geji yake anayo yeye.

Nilifika kazini nimechana nywele kwa ajili ya mkutano wangu na mpwa. Nikasikia viatu vya Matroni. Nikajua kuna jambo, kwa sababu vilikuwa vinasikika. Muuguzi wa chumba cha joto alitoka akasema mtungi wanaotumia mshale wake umekaribia sehemu nyekundu, waletewe mwingine sasa hivi.

Tukakimbilia stoo, mimi na Mstari. Ndani tupu. Mitungi yote yenye stika ilishapelekwa alfajiri. Mstari akasema kulikuwa na mmoja pembeni lakini hauna stika, kautoa nje mwenyewe kwenye ile mitupu. Matroni akauliza kama ana hakika. Mstari akasema Matroni, hauna stika, siwezi kuwakatia watoto hewa halafu niwafungie mtungi mtupu. Na kweli huwezi. Ukishafungua ule wa zamani kubadilisha, kila pumzi ina thamani.

Nilisimama pale. Nikajiambia gari litafika. Nikajiambia pengine fundi alikosea kupima. Nikajiambia mengi, kwa muda mfupi, mimi mwenyewe nashangaa yalivyoenea.

Dada alikuwa mlango wa wodi ya akina mama, kashika ukingo wa shuka lake. Alinitazama tu, kwa sababu mimi ndiye wa kwake aliye karibu, na mimi ndiye mwenye kazi ya mitungi.

Nikavua kitambulisho. Nikabandua. Nikasema mtungi ule umejaa, stika yake hii hapa.

Hakuna aliyecheka. Mstari akauliza nitajuaje ni wa mtungi ule. Nikasema soma namba. Matroni akasoma 17 mkononi mwangu, akatoka nje, akainama, akasoma 17 iliyochongwa shingoni mwa mtungi. Akanyanyuka. Akamwambia Mstari peleka, kimbia.

Tuliusukuma wote wawili, mimi nyuma, yeye mbele, mstari wake wa pasi ukivunjika vipande vipande. Tulipofika mlangoni Mstari akasukuma mlango kwa bega. Mikono yangu ilikuwa bado kwenye mtungi. Hakuna aliyekuwa ananitazama, ningepita tu. Nikaachia. Mlango ukafungwa, nikabaki korido na Dada.

Ilichukua muda mrefu. Labda haukuwa mrefu. Kisha muuguzi akainua kidole gumba kwenye kioo, na Dada akakaa chini sakafuni palepale, nami nikakaa, akaniambia mdogo wangu wewe ni mpumbavu, huku kanishika mkono haachii.

Matroni hakunifokea. Alisema kama leo ningekuwa mapumziko, mtungi ule ungeshinda nje kwenye mitupu, na yeye angekuwa anatafuta maneno ya kumwambia dada yangu. Alisema kwa sauti ya chini. Ningependa angefoka.

Hata hivyo ukilitazama jambo kwa utulivu: ni nani katika hospitali nzima aliyejua mtungi gani umejaa? Mmoja tu.

Ijumaa, 8 Mei

Nimekwenda chumba namba tatu kwa hiari yangu. Matroni upande wa kulia, Mstari upande wa kushoto.

Foleni ndefu. Habari za jana zilishafika jikoni, na Matroni naye alipita huko, akawauliza waliokuwepo kama wanataka kuja kumwangalia Dada machoni na kumwambia hawachanjwi. Kwa hiyo mpishi yupo, dobi yupo, daktari kijana yupo bila kikombe. Nusu yao walikuja kuchanjwa, nusu walikuja kuniangalia mimi. Dobi akatangaza kwa sauti kwamba namba 17 amefika, apishwe.

Yule muuguzi mpole akauliza leo mkono upi, au yote miwili. Watu wakacheka. Nikatoa wa kushoto. Nikatazama ukutani, palikuwa na picha ya mtu ananawa mikono, nikazihesabu kucha zake. Nikamwambia muuguzi aanze basi, asinicheleweshe. Akasema nimeshamaliza.

Hapo ndipo nikalala chini. Watasema nilizirai. Sikuzirai. Niliichagua sakafu. Mstari alinidaka kichwa kisigonge, jambo ambalo sikumwomba.

Mpishi akadungwa baada yangu, papo hapo akapiga chafya tatu. Chumba kizima kikamgeukia. Akasema ni pilipili, iko kwenye aproni, mnaniangalia nini.

Mkono unauma. Nauvumilia kishujaa, nimemweleza kila ninayekutana naye.

Jumatatu, 11 Mei

Stika halali kifuani. Haina namba, ni ndogo, lakini inang'aa.

Adhabu yangu: mwezi mzima chini ya fundi, kuosha mitungi na kubandika stika, na kila ninayobandika anakuja kuihakiki kwa jicho moja. Mstari kaombwa anipe mafunzo ya utaratibu. Anayatoa kwa upole. Upole wake unanimaliza.

Nikajipeleka mlango wa chumba cha joto, kifua mbele. Matroni akaitazama stika yangu, akasema vizuri sana, sasa mwili unahitaji kama wiki mbili kujifunza kupambana na mafua. Rudi wiki mbili zikiisha.

Wiki mbili. Mwili wangu mimi, wenye akili hii, ujifunze wiki mbili?

Dada kaona huruma, kamwomba muuguzi amsogeze mtoto kwenye kioo. Nimemwona. Hana nywele. Pua si yangu, ni ya baba yake, maskini. Mzima mzima hapiti kiganja changu, na mguu wake unaenea kwenye kidole. Akapiga miayo, mdomo wote, kama mzee aliyechoshwa na mkutano. Nilisimama pale hadi Mstari akaja kuniita mara mbili, na mara ya pili hata yeye alisimama.

Mama nimemweleza ukweli wote: kwamba nywele zinakuja.

Sasa. Wiki mbili ni nyingi. Kesho kutwa anakuja fundi wa viyoyozi kukagua chumba cha joto. Huvaa barakoa, hubeba ngazi, na mlangoni nimeona wakimpisha tu. Ovaroli yake ya akiba inaning'inia nyuma ya jiko. Nimeijaribu. Mikono mifupi kidogo, lakini nani hutazama mikono ya fundi. Kwa usalama wa mtoto nitavaa barakoa mbili.

Ngazi nimeshaificha.