Ndoo ya Shemeji Ponirah

Jumatatu, 4 Machi
Wadudu wa kahawia wameingia shambani. Wananyonya mabua ya mpunga kama walioalikwa. Msimu uliopita walimaliza nusu. Lastri, mke wangu, kasema wakimaliza na huu, shamba alilorithi kwa baba yake atampa dada yake Ponirah alilime. Ponirah! Muuza mitishamba, anayezunguka kijijini na chupa mgongoni. Shamba lake limepakana na letu. Halina hata mdudu mmoja. Mpunga wake umesimama kwa kiburi.

Jumanne, 5 Machi
Nimejifanya napita tu. Nikamuuliza shemeji anapulizia nini. Akaniambia palepale, huku anapepeta mchele: brotowali, ule mmea mchungu unaotambaa, tunaonyweshwa tukiwa na homa, mchaichai, kitunguu saumu. Twanga, loweka, chuja, pulizia. Hapo ndipo nilipomshtukia. Nani anatoa siri bure? Dawa ya kweli ni ile ya ndoo ya bluu nyuma ya jiko. Imefunikwa kitambaa. Kwa nini ifunikwe?

Jumatano, 6 Machi
Ponirah alikwenda sokoni, nikaichukua. Bata wake walinifuata wakinizomea hadi mferejini. Nimejaza bomba la kupulizia mara tatu, nimemaliza shamba zima, na ndoo tupu nimeificha chini ya kitanda. Mikono inanata. Inanukia vizuri mno kwa sumu, kwa hiyo nikaonja. Tamu. Ujanja mtupu: wadudu watainywa wenyewe. Mchana nimekula sahani tatu.

Alhamisi, 7 Machi
Sisimizi kila mahali. Wadudu wa kahawia wapo palepale, hakuna hata mgonjwa. Jirani yetu Darmo kasimama kwenye tuta, kaangalia weee, kisha akasema kwa adabu zake zote, "Pak Paimin, naona wako wananenepa."
Baadaye akina mama wakajazana kwa Ponirah wakidai dawa ya watoto wao. Ndiyo iliyokuwa kwenye ndoo ya bluu. Mchele, mizizi, sukari ya mnazi. Ya kuongeza hamu ya kula.
Lastri aliitazama mikono yangu, kisha akachungulia chini ya kitanda. Akaenda kumwita dada yake.

Ijumaa, 8 Machi
Nilijiandaa kukana. Nilikuwa na hadithi nzuri, yenye mbwa ndani yake. Ponirah hakuniuliza. Alikuja na bomba mgongoni na madumu mawili ya maji machungu, akalipulizia shamba letu lote, mama wa miaka sitini na mbili, matope hadi magotini. Mimi nimesimama tu. Alipomaliza akasema, "Shemeji, ungeniomba ningekupa. Mbona nilikwambia kila kitu?"
Niliona aibu, kweli. Nikaangalia vidole vya miguu. Lastri akasema shamba litabaki kwetu, ila kuanzia kesho nikatwange dawa mwenyewe, kwa dada yake, mbele ya macho yake.

Jumatatu, 11 Machi
Wadudu wanakufa. Hata Darmo kakiri.
Siku tatu nimetwanga pale kwa Ponirah. Brotowali, mchaichai, kitunguu saumu. Hakuna kingine. Kila swali ananijibu, na kila jibu ni lilelile la jana. Mtu hawezi kuwa mkweli kiasi hicho bila kuficha jambo kubwa.
Leo nimelinasa. Kabla ya kuchuja hupiga chafya. Mara mbili, akigeukia kushoto. Lastri anasema ni kitunguu saumu.
Masikini Lastri. Kesho nachuja ya kwangu peke yangu. Nimeshanunua ugoro.